Nani Aliyewavua Wazee Kibwebwe?

Imeenea katika mji wetu wa Lubumbashi, na imeota mizizi zaidi huku Karavia, mtaa wa uwanja wa gofu, hoteli kubwa na nyumba zenye bustani pana, rai ya kwamba mtu akishapata wajukuu amekwisha kutolewa katika idadi ya wenye ruhusa ya kuchezesha miili yao mbele ya hadhara kwa furaha yao wenyewe. Na ya kwamba mwanamke aliyepita miaka 60, akipanda jukwaani akajipamba, akatembea kwa madaha, akavua kitambaa kimoja baada ya kingine huku watu wakicheka na kupiga vigelegele, ama amepungukiwa na akili, ama amepungukiwa na fedha, ama amekosa watoto wa kumkanya. Rai hii husemwa na watu wa staha, tena kwa sauti ya upole, na aghalabu kwa nia njema. Lakini nia njema haiponyi hoja mbovu, nami, kwa kuwa ni mmoja wa hao wanaosemwa, nakusudia kuijibu bila haraka, maana naiona kuwa si kweli, si haki, wala si urithi wetu kama wasemaji wake wanavyodhani.

Yapasa kwanza nieleze mchezo wenyewe, kwani wengi wanaoulaani hawajapata kuutazama. Wazungu huuita burleski, na kwao historia yake ni ndefu: mwaka 1868 Mwingereza Lydia Thompson alikwenda New York na kundi lake la wanawake, wakaigiza kwa mzaha kisa cha kale cha Wayunani, wakiwa wamevaa mavazi ya kiume yaliyodhihirisha maumbo ya miguu yao, na mji mzima ukagawanyika baina ya waliokimbilia tiketi na waliokimbilia magazetini kushtaki. Tangu hapo mchezo umepita mikono mingi, na huko Marekani kuvua nguo kukapata nafasi kubwa kuliko kisa chenyewe. Lakini kiini chake hakikubadilika, nacho ni mambo mawili yaliyofungamana, yaani kuucheka ukubwa wa wakubwa na kuuonyesha mwili bila kuuombea radhi. Wenzangu na mimi, wanawake tuliokwisha kulea na kustaafu, pamoja na wanaume wachache wa rika letu, huucheza kwa ridhaa, bila ujira, katika harusi, katika sherehe za mapasa, yaani watoto pacha, na katika jioni za kufunga mwaka, mbele ya watu walioalikwa wakijua wanaalikwa kutazama nini.

Mchezo tunaoupenda kuliko yote ni huu. Mama wa biashara anarudi kutoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa, naye amejifunga vitenge vya kuuza mwilini mwake, kitenge juu ya kitenge, hata amekuwa mnene kama pipa. Afisa wa forodha anamsimamisha. Anamwuliza amebeba nini. Mama anajibu kwamba hakubeba kitu, amevaa tu. Afisa anaamuru kitenge cha juu kivuliwe, na mama anakivua taratibu, akikizungusha, akimkabidhi kama anayemkabidhi mfalme zawadi, na kila kitenge kinachotoka ngoma inabadilika, na kila ngoma inayobadilika kiuno kinapata mwendo mwingine, mpaka afisa, ambaye alianza akiwa amesimama wima na kofia yake, anajikuta amebeba lundo la nguo hata haonekani uso, na mama amebaki na libaya, gaguro lililotariziwa vipande vinavyometameta na ushanga wa kiuno, mwepesi, mzuri, huru, akivuka mpaka huku ukumbi mzima umesimama. Ambaye amepata kuvuka Kasumbalesa hahitaji kufafanuliwa kisa hiki. Mimi ndiye mama huyo, na nasema bila kificho kwamba sijui saa nyingine yoyote ya maisha yangu ya sasa ambayo najisikia mzima kama saa ile.

Sasa tuzitazame hoja za wanaokataa.

Ya kwanza, na ndiyo mama wa nyingine zote, yasema kwamba heshima ya mzee ni utulivu, na kwamba mababu zetu wasingevumilia kuona mwanamke mzima akitikisa kiuno mbele za watu. Hoja hii inajengwa juu ya mababu ambao hawakuwapo. Bibi Mwingereza Audrey Richards, mtaalamu wa mila, alikaa na Wabemba mwaka 1931 akashuhudia chisungu, yaani kuchezwa kwa wasichana waliovunja ungo, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1956 ameeleza shughuli hiyo siku baada ya siku. Nani aliyeiongoza? Nacimbusa, mkunga mzee, pamoja na wanawake wenzake watu wazima. Hao ndio waliocheza, hao ndio walioigiza mume na mke, mvivu na mchapakazi, hao ndio waliochekesha kwa miili yao. Msichana mwenyewe aliketi kimya, ameinamisha kichwa. Kwa hiyo utulivu katika mila ile ulikuwa wa kijana, na mchezo ulikuwa wa mzee. Na Wabemba si watu wa mbali nasi: walikuja kwa maelfu katika migodi ya Katanga, lugha yao imo katika masikio ya mji huu tangu ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, na hata leo, ng'ambo ya mpaka, wanawake wenye cheo hicho cha nacimbusa ndio wanaoitwa kumfunda bi harusi kwa ngoma na maigizo.

Kadhalika mapasa. Victor Turner, naye mtaalamu wa mila, aliyeishi na Wandembu wa Mwinilunga, jirani zetu wa magharibi, katika miaka ya 1950, ameandika jinsi mapasa walivyoleta siku ya wanaume na wanawake kushindana kwa nyimbo za kutajana viungo vya siri na kusutana kwa mambo ya kitandani, watu wazima hadharani, haya ikiwa imewekwa kando kwa idhini ya mila yenyewe, kwa kuwa uzazi uliozidi kipimo hupokelewa kwa maneno yaliyozidi kipimo. Katika familia za Kiluba za mji huu jambo hili halihitaji kitabu. Mama aliyejifungua mapasa anajua kwamba watakuja wanawake wakubwa nyumbani kwake kumwimbia nyimbo ambazo siku nyingine zingewafanya wajukuu wakimbie, naye akasirike wasipokuja, maana kunyimwa matusi hayo ni kunyimwa baraka. Wale wanaotuambia leo kwamba mzee wa Kiafrika hakucheza hivi, na watuonyeshe ni mzee gani huyo na aliishi wapi.

Huko pwani ushahidi ni mkubwa zaidi. Fatma binti Baraka, aliyejulikana duniani kwa jina la Bi Kidude, alikuwa kungwi wa unyago kabla hajawa nyota wa taarabu ng'ambo, na hakuacha kuwa kungwi baada ya kuwa nyota. Ngoma ndefu akiifunga kiunoni na kuipanda, aliwafundisha wasichana wa Zanzibar mambo ya ndoa kwa nyimbo na kwa mwendo wa kiuno. Aliendelea kupanda majukwaa ya dunia katika umri ambao ulikadiriwa kukaribia miaka 100, akapokea tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 alizikwa kwa taadhima ya watu wakubwa na wadogo. Hakuna aliyesimama kaburini kusema kwamba bibi huyu alipoteza heshima yake.

Hoja ya pili yasema kwamba mchezo wetu ni wa kigeni, umetoka Ulaya ndani ya televisheni. Jina tumelichukua huko, sikatai, na baadhi ya mavazi. Lakini mji huu ulikuwa ukiwacheka wakubwa kwa dansi kabla sisi hatujazaliwa. Beni, iliyoanzia mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilifika hata migodini Katanga, na humo vibarua walivaa kama maafisa, wakajipa vyeo vya kijeshi, wakacheza gwaride la mabwana waliowatuma kazi. Katika miaka ya 1950 komini ya Kenya, hapa hapa mjini, ilitoa kundi la Jecoke, vijana waliochanganya wimbo, dansi na vichekesho. Kisha akaja Mufwankolo na kundi lake, ambao kwa miaka mingi walikuwa ndio kioo cha mji katika redio na televisheni, wakicheza kwa Kiswahili cha nyumbani, na ambao mchezo wao wa mwaka 1986 juu ya utawala wa chifu ulimfanya mtaalamu Johannes Fabian aandike kitabu kizima. Mufwankolo alivyozidi kukua kwa umri, ndivyo watu walivyozidi kumpenda. Hapo ndipo ninapowauliza wanaotupinga: mwanamume mzee akijifanya mlevi, akaanguka, suruali ikamteleza, mnamwita msanii, mwanamke wa rika lake akivua kitenge cha tano kwa ufundi ule ule wa kuchelewesha kicheko, mnamwita aliyekosa haya. Kipimo kimoja kimevunjika wapi?

Hoja ya tatu haisemwi waziwazi, lakini naisikia chini ya maneno ya watu wa rika langu, na kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Sisi tulikuwa vijana wakati wa animasyo. Baada ya chama cha MPR kuundwa mwaka 1967, na hasa baada ya Rais Mobutu kuzuru China na Korea Kaskazini katika miaka ya 1970, nchi nzima iliwekwa katika dansi: wafanyakazi wa maofisi, walimu, wanafunzi, watumishi wa makampuni, walipangwa mistari wakiwa na vitenge vyenye sura ya kiongozi, wakaimba sifa zake na kuzungusha viuno kwa amri, mbele ya wageni waliokaa vitini wakinywa vinywaji baridi. Mama mwenye watoto alicheza, baba mwenye mvi alicheza, na asiyecheza aliandikwa jina. Watu wengi wazima waliapa mioyoni mwao kwamba siku amri hiyo ikiondoka hawatachezesha tena miili yao mbele ya mtu yeyote, na ilipoondoka walitimiza kiapo. Naheshimu kiapo hicho. Naelewa kwamba wakituona sisi jukwaani wanaiona tena ile mistari.

Lakini hebu tupambanue. Katika animasyo kiuno kilikuwa cha chama. Aliyecheza hakuchagua wimbo, wala siku, wala vazi, wala mtazamaji, na mtu aliyesifiwa ndiye pekee ambaye haikuruhusiwa kumcheka. Katika mchezo wetu hakuna wa kusifiwa. Afisa anachekwa, na mama anachekwa pamoja naye, na mtazamaji anajicheka kwa kuwa naye amewahi kupenyeza kitenge. Atakayeona usiku ule hana moyo wa kucheza hukaa chini, na hakuna karani wa kumwandika. Kuwanyima wazee dansi ya hiari kwa sababu walikwisha kulazimishwa dansi ya amri ni kuiacha dhuluma ile iendelee kutawala miili yetu hata baada ya mwenyewe kufa. Mimi nimeurudisha mwili wangu mikononi mwangu jukwaani, wala sijui mahali pengine ambapo ningeweza kuurudisha.

Ya nne ni hoja ya uzuri. Wasema: mwili wa mzee hautazamiki. Hii ndiyo hoja yenye ukatili kuliko zote, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Tarehe 8 Aprili 1975 mchezaji dansi Josephine Baker, aliyeingia Paris mwaka 1925 akiwa msichana, alifungua onyesho jipya katika ukumbi wa Bobino, umri wake miaka 68, akiwa amevaa manyoya na vito na nguo ya kubana, na Paris ikamsimamia kumpigia makofi. Siku nne baadaye akafariki. Waliokuwamo hawakumpigia makofi kwa huruma. Walimpigia kwa sababu kuna jambo ambalo mchezaji wa miaka 20 hawezi kulifanya hata akiwa na viungo vya mpira, nalo ni kusubiri. Kijana akishika pindo la kitenge hutaka kukivua. Mzee anajua kwamba starehe yote ya mchezo huu iko kabla ya kuvua, katika mkono uliogusa fundo ukaliacha, katika jicho lililomtazama mtu mmoja wa safu ya nyuma kana kwamba ukumbi hauna mwingine, katika bega lililoanza habari na kuikatiza. Hayo hayafundishwi shuleni. Hupatikana kwa kuzaa, kuzika, kugombana na kupatana, kukaa sokoni na kubembeleza bei, kumtazama mume akizeeka na kuendelea kumtaka.

Na furaha yake! Wanaotuuliza tunapata nini huwa wanatafuta jibu la fedha, au la afya, au la kukimbia upweke, na yote hayo ningeweza kuyajibu, maana magoti yangu hayaniumi ngoma ikilia kama yanavyoniuma ninapokaa. Lakini sipendi furaha itafutiwe shahidi wa kuidhamini. Furaha yangu ni hii: kusimama nyuma ya pazia nikiwa nimebeba uzito wa vitenge vyote, moyo unadunda, nikisikia ukumbi unanong'ona, kutoka kwenye mwanga na kuhisi mashaka ya watu, wasiojua kama wataruhusiwa kucheka, kisha kuwaruhusu kwa kiuno kimoja. Mtu aliyepata kuwafanya watu mia wavute pumzi pamoja na kuitoa pamoja kwa kicheko, naye akijua kwamba kicheko hicho amekikata na kukishona mwenyewe, hataambiwa na yeyote kwamba maisha yamempita. Alinijia msichana mmoja baada ya mchezo, akaniambia, "Nkambo, sikujua kama nitakuwa na haki ya kuwa hivi." Hakusema kama nitaweza, alisema haki. Naliweka neno lake hapa kwa kuwa ndilo jibu bora nililolipata kwa wale wasemao kwamba tunawaharibu vijana. Tunawaonyesha kwamba mbele yao kuna maisha.

Kuhusu dini nitasema machache, maana wasemaji wake ni wengi na sote tunayajua maneno yao. Mimi ni mtu wa kusali. Hatuchezi mbele ya watoto, hatuchezi kanisani wala karibu na kilio, na wageni wetu ni watu wazima walioitwa kwa kadi. Hatari ya kweli ya siku hizi ni simu, ambayo humchukua mtu kutoka katika chumba alichokichagua na kumtupa mbele ya macho asiyoyachagua. Wakunga wa chisungu na makungwi wa unyago walijua thamani ya mlango uliofungwa, nasi tumewafuata, tumeweka kapu mlangoni na simu zote huingia humo. Aliyekataa kuiweka hurudi kwake. Anayeona dhambi katika yaliyobaki na anieleze ni ipi kati ya amri inayomkataza bibi kuchekesha.

Ila liko jambo moja ambalo wapinzani wetu hawaligusi, nalo ndilo linaloniuma. Je, mzee wa Lubumbashi amebakishiwa nini? Kampuni ya madini iliyokuwa baba na mama wa mji huu iliwaaga wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 kwa pamoja katika miaka ya 2003 na 2004, kwa malipo yaliyokwisha upesi, na wengi wao hawakupata kazi tena. Wanaume waliojua mitambo wakabaki vibarazani, na wake zao wakashika biashara ndogondogo kulisha nyumba. Jumba la maonyesho alilolichora Claude Strebelle katika miaka ya 1950, ambalo lingekuwa jukwaa la mji, leo ni Jengo la Juni 30 na wanakaa humo wabunge wa jimbo. Mzee huitwa kwenye kilio zaidi kuliko anavyoitwa kwenye karamu. Huko huketishwa kwenye kiti cha plastiki, hupewa soda, huombwa awe na hekima, na akiisha kusema maneno mawili ya hekima husahauliwa mpaka kilio kingine. Hii ndiyo wanayoiita heshima, na kwa ajili ya kuilinda wanataka tukae kimya. Mwenye ukumbi mmoja huku huku Karavia alitukatalia nafasi, akasema kwamba wateja wake hawatapenda kusikia kwamba mabibi wanacheza humo. Wiki ile ile ukumbi ukachukuliwa na vijana kwa dansi ambayo, kwa kipimo chake mwenyewe, ilikuwa na nguo chache kuliko zetu na kisa kidogo kuliko chetu. Hakuwa na kinyongo na dansi. Alikuwa na kinyongo na umri.

Kwa hiyo nawageukia wenye kumbi na wenye bustani za mtaa huu, na watoto wetu wanaoandaa harusi na kutafuta wachezaji mjini kwa fedha nyingi: tuiteni. Hatuombi ujira, hatuombi huruma, wala hatuombi kutangazwa. Tunaomba meza ziondolewe katikati, taa iwekwe upande mmoja, mpiga ngoma mmoja anayejua kusubiri, na kapu mlangoni. Vitenge tutakuja navyo wenyewe.